Tajiri, Dereva na Hesabu ya Jioni

Hapa Mwanza, ukinunua Hiace ya njia ya Igoma, au pikipiki moja ukaiweka kijiweni Nyegezi, umeshakuwa mwajiri, hata kama huna ofisi wala karatasi ya mkataba. Sheria ya kazi ni fupi: jioni dereva alete hesabu, yaani kiasi kilichopangwa. Kinachozidi ni chake. Kikipungua, yanaanza maneno. Tajiri anasema kaibiwa, dereva anasema abiria hawakuwepo na trafiki walimchelewesha, na kwa kuwa tajiri alishinda dukani kwake Makoroboi, hana namna ya kujua nani mkweli.

Nairobi, ambako matatu huendeshwa kwa utaratibu huohuo, wachumi watatu walijaribu kumpa tajiri macho. Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walifunga vifaa vya kufuatilia mwendo kwenye magari 255. Kwa bahati nasibu, baadhi ya wenye magari walipewa programu ya simu inayoonyesha gari limepita wapi, limefanya kazi muda gani na limeendeshwa vipi. Wengine hawakuonyeshwa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2024, na yanashangaza: matajiri walioanza kuona hawakupandisha hesabu. Waliishusha. Madereva nao wakakaa barabarani muda mrefu zaidi, wakapunguza uendeshaji unaolichakaza gari, gharama za matengenezo zikashuka na faida ya tajiri ikapanda.

Kushusha hesabu kunaletaje pesa? Itazame siku mbaya kwa jicho la dereva. Saa kumi na mbili jioni bado anapungukiwa elfu kumi na tano. Springi ni za tajiri, lakini pengo la hesabu ni la kwake. Atakatiza kwenye mawe kukwepa foleni, atajaza watu mpaka mlangoni, atakimbizana na wenzake. Usiku tajiri anapokea hesabu kamili na kulala kwa amani. Wiki ijayo fundi anampigia simu. Asiyeiona kazi inavyofanyika hana cha kumbania dereva isipokuwa kiwango kikubwa, na kiwango hicho ndicho kinacholimaliza gari lake. Akishaiona, anaweza kukilegeza.

Wavuvi wa Ziwa Victoria wamelikabili jambo hili la siku mbaya kwa njia nyingine. Kwa kawaida mwenye mtumbwi wa dagaa hampangii mvuvi ndoo ngapi alete. Wanatoka usiku wa giza na taa zao, asubuhi mzigo unauzwa, mafuta na gharama nyingine zinatolewa kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa kwa mafungu. Ziwa likikataa, wamekosa wote. Mfumo huo nao una tundu lake, maana samaki wanaweza kuuzwa majini kabla ya mtumbwi kugusa mwalo, na ndiyo maana tajiri mjanja hudamka mapema au humpakia ndugu yake chomboni. Lakini angalau usiku mbaya haumwangukii mtu mmoja.

Hesabu ya jioni ni lengo, na sayansi ya malengo ina umri. Mwaka 1968 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Locke, alionyesha kwamba kumwambia mfanyakazi “jitahidi uwezavyo” huzaa kazi ndogo kuliko kumpa lengo gumu lililo wazi, ilimradi mwenyewe amelikubali. Miaka michache baadaye, Gary Latham na James Baldes walilipeleka wazo hilo kwa madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma. Malori yalikuwa yakipakia kama asilimia 60 tu ya uzito unaoruhusiwa kisheria. Madereva wakapewa lengo la asilimia 94, bila nyongeza ya mshahara, na wakaahidiwa kwamba asiyelifikia hataadhibiwa. Mwezi wa kwanza upakiaji ukapanda hadi asilimia 80. Wa pili ukarudi 70. Wa tatu ukavuka 90.

Mwezi ule wa pili ndio ambao matajiri wetu wangeusoma mara mbili. Madereva walikuwa wanapima kama ahadi ni ya kweli. Hakuna aliyefokewa, kazi ikapanda. Mwanza, dereva angekuwa ameshanyang'anywa funguo siku ya tatu.

Je, malengo ya mwenye biashara mwenyewe? Upande wa pili wa ziwa, magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas, Jonathan Robinson na Santiago Saavedra waliwafuatilia waendesha baiskeli za abiria 257. Siku ambayo mtu ana haja kubwa ya pesa alifanya kazi zaidi, na akishaipata alielekea kupumzika. Lengo lenye jina, kama ada, dawa au zamu ya mchezo wa upatu, linamvuta mtu. “Nataka biashara ikue” halimtoi kitandani. Ila lengo la siku lina hasara yake: unafunga duka mapema siku ambayo wateja wamejaa, kisha unakesha siku ambayo hawapo. Kwa hiyo mimi ningepima kwa wiki, si kwa siku. Hesabu ya dereva pia: panda gari lako siku kadhaa, andika Jumatatu limeingiza nini, Jumapili nini, siku ya mvua nini, shule zikifungwa nini, ndipo mkae mpange. Ukifunga kifaa, mwambie, kwa sababu kifaa cha siri kikigunduliwa kitaua maelewano yote.

Usitegemee kifaa kikufanyie yote, hata hivyo. Nairobi matajiri waliweza kuona pia gari likikimbizwa hovyo, lakini usalama wa abiria haukuboreka kwa hilo peke yake. Mwendo wa hatari ulipungua pale tu watafiti walipowalipa madereva wenyewe ili waendeshe kwa uangalifu.