Mambo 4 wanayotudhania sisi wenye maduka, na 1 nililolidhania mimi mwenyewe



Leo sina somo la kupanga bidhaa wala la kutafuta mtaji. Leo naongelea yale maneno tunayoambiwa kila siku tukiwa nyuma ya kaunta, tunacheka usoni huku moyoni yanachoma. Duka langu liko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Ni duka la rejareja: sukari, unga, mafuta ya kupima, sabuni, vocha, na asali msimu ukifika. Nina mwaka wa nne sasa. Soma mpaka mwisho, maana namba 5 inanihusu mimi na sijivunii.

1. "MWENYE DUKA HAKOSI HELA"

Hili linaongoza. Mtu anaona droo ikifunguka, anaona noti, anasema wewe tajiri bwana, nikopeshe utaniona mwisho wa mwezi. Hajui zile noti nyingi ni za mwenye duka la jumla mjini.

Tupige hesabu ya mfuko mmoja wa sukari wa kilo 25. Tuseme nimeuchukua kwa 68,000. Nauza kilo 3,000, ukiisha wote napata 75,000. Hapo faida ni 7,000. Toa boda ya kuuleta kutoka mjini 2,000. Toa vifungashio 500. Nimebaki na 4,500, na bado sijagusa kodi ya pango wala umeme, wala ile sukari inayopotea kwenye kupima robo robo.

Sasa akija jirani akakopa kilo 2 tu asilipe, hiyo ni 6,000. Faida ya mfuko mzima imekwenda na bado nadaiwa. Ndiyo maana ukiona mwenye duka anasita kukukopesha, usimwone ana roho mbaya.

Ninachofanya siku hizi: mkopaji namwonyesha hesabu hii kwenye daftari, taratibu, bila kelele. Wengi wanaelewa. Asiyeelewa nampa anachoweza kulipia, hata kama ni robo.

2. "DUKA NI KAZI YA ALIYEFELI, UNAKAA TU"

Nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele, sifichi. Lakini "kukaa tu" ndiyo nini? Saa 12 asubuhi nimefungua kwa ajili ya watoto wa shule wanaotaka daftari na kalamu. Saa 3 usiku bado kuna mtu anagonga anataka panadol na mshumaa. Katikati hapo nimejumlisha, nimetoa, nimegawanya, nimebembeleza mteja, nimesuluhisha ugomvi wa chenji.

Shule ya biashara ipo, ila ada yake unalipa kwa hasara. Mimi nimelipa. Kijana unayeona aibu kwa sababu wenzako wako chuo na wewe uko kaunta, nunua daftari uandike. Hiyo ndiyo tofauti ya anayekaa na anayefanya biashara.

3. "MANGI, KWANI WANYAMWEZI NAO WANAWEZA BIASHARA?"

Wateja wanaopita wananiita Mangi. Sina ubaya na Wachaga, ni watu wa kazi na Mangi ni cheo cha heshima kwao. Kinachonikera ni pale mtu akijua mimi ni Mnyamwezi anashangaa. Watani zetu wa pwani wanaongeza: "Nyie si kazi yenu ni kubeba mizigo?"

Ndugu, hapa ninapouzia sukari ni Kwihara. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita huku kwetu. Wazee wetu walibeba mizigo kweli, na walibeba kwa ujira. Walijua kukaa chini wapatane malipo na posho kabla ya kuinua mzigo begani. Na wengi walikuwa na misafara yao wenyewe. Walipeleka pembe za ndovu pwani, wakafanya biashara ya chumvi, majembe ya chuma, na shaba ya Katanga. Msiri, yule aliyekwenda kusimamisha ufalme Katanga karne ya 19, alitokea pande zetu hizi na baba yake alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Mirambo naye alielewa kwamba mwenye njia ndiye mwenye bei, na alipoifunga mwaka 1871 wafanyabiashara wa Kiarabu walihangaika.

Kuna tembe la Livingstone hapa hapa, wageni wanakuja kulitazama. Mimi nikipita pale nawaza mzigo. Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1871 alikuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa zote na mtu aliyekabidhiwa. Stanley akamkuta huko, wakaja wote Kwihara mwezi wa pili 1872. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa tatu, mzee akabaki hapa mpaka mwezi wa nane akisubiri wapagazi na vifaa vipya. Miezi mitano! Ndugu yangu unayempa mtu mali kauli bila karatasi wala shahidi, umeona ni ugonjwa wa zamani.

Kwa hiyo ukiambiwa kabila lako si la biashara, usigombane. Pima kilo iliyonyooka, rudisha chenji kamili. Mteja atasahau kabila.

4. "ASALI IKIGANDA UJUE NI SUKARI"

Hili limenigharimu hela. Mteja mmoja alichukua lita 10 za asali, akaenda nayo Dodoma. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi imeshika. Baada ya wiki tatu akanipigia simu, asali imeganda, mimi tapeli, nimechemsha sukari. Akatangaza kwa ndugu zake wote, na wateja watatu waliokuwa wameagiza wakakata oda. Asali ile niliinunua mwenyewe kwa mrina asali ninayemjua, ya mizinga ya msituni.

Ukweli ni huu. Asali ina sukari za asili za aina mbili kubwa, glukosi na fruktosi. Glukosi haipendi kukaa kwenye kimiminika, baridi ikija inajitenga na kuwa chenga. Chembe za chavua na nta zilizomo zinaisaidia kushikana. Asali yenye glukosi nyingi inaganda haraka, yenye fruktosi nyingi inachelewa. Inategemea nyuki walikula maua gani. Kuganda siyo kuharibika, na hakuthibitishi kwamba imechanganywa.

Na vile vipimo vya mtaani je? Tone kwenye glasi ya maji: hata sukari iliyochemshwa ikawa nzito inazama vilevile. Njiti ya kiberiti: inapima unyevu tu. Sisimizi: wanakula asali halisi bila wasiwasi. Kipimo cha uhakika ni cha maabara. Cha pili ni kumjua anayekuuzia.

Fanya hivi: asali iliyoganda weka chupa yake kwenye maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unavumilia, itarudi. Usiibandike motoni, utaharibu ladha na harufu. Ukiona inatoa povu na kuchacha, hiyo ina maji mengi, ama ilirinwa kabla haijakomaa ama imeachwa wazi. Na usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja asali yoyote, hata iwe nzuri vipi.

Siku hizi kila chupa naibandika kikaratasi: "Asali hii inaweza kuganda wakati wa baridi. Weka kwenye maji ya uvuguvugu." Kikaratasi cha shilingi chache kimeniokoa na kesi nyingi. Mteja akijua kabla, ni maelezo. Akijua baada ya kununua, ni utetezi.

5. "CHUMA ULETE" (HILI NI LANGU)

Hapa sasa. Mwaka wangu wa pili, hela ilikuwa haikai. Nauza kutwa nzima, jioni nikihesabu haifiki. Mwenzangu mmoja wa biashara akaniambia: "Utakuwa unaliwa na chuma ulete. Angalia nani akija hela inapungua." Akanielekeza niweke ndimu na sindano kwenye droo. Nikaweka.

Nikaanza kuangalia watu. Kuna bibi mmoja jirani, anakuja kila asubuhi na sarafu zake anataka sukari ya mia tano na majani ya chai. Mzee sana, anaishi peke yake, macho mekundu. Nikaona kama ndiye. Nikaacha kupokea hela mkononi mwake, namwambia aweke juu ya kaunta. Salamu yake ya "mwangaluka" naijibu nikiwa nimegeuka. Siku moja nikamwambia mteja mwingine, kwa sauti ya chini, "yule bibi mmwangalie."

Hesabu ikaendelea kupungua, hata siku ambazo bibi hakuja.

Nikanunua daftari la kurasa 96. Siku 14 nikaandika kila kitu, hata pipi. Upungufu wa siku hizo 14 ulikuwa 61,000. Tazama ulikokwenda:

Chakula changu, bando na boda nilizolipia kutoka droo: 23,000.
Madeni ambayo nilikuwa siandiki, nategemea kichwa: 18,500.
Mafuta ya kula, bei ya jumla ilipanda mimi nikaendelea kuuza bei ya zamani: 12,000.
Mikate iliyolala na nyanya zilizooza: 4,500.
Isiyojulikana: 3,000, labda chenji niliyozidisha.

Jumla 61,000. Bibi hayumo hata kwa shilingi moja. Mchawi alikuwa mimi, nilikuwa najiroga kwa kula mtaji.

Niliogopa kuliko kufurahi. Wote tunajua kilichowapata bibi wengi katika mikoa yetu hii ya magharibi na kanda ya ziwa. Wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale ni moshi wa miaka mingi jikoni, kuni na samadi. Huwa inaanza na mtu mmoja kusema kwa sauti ya chini, "yule bibi mmwangalie." Mimi nilikuwa nimeshasema.

Nikamtafuta yule mteja niliyemwambia, nikamwonyesha daftari, nikamwambia nilikosea. Kisha nikaenda kwa bibi na nusu kilo ya sukari. Nikamwamkia, nikamwambia, "Bibi, nilikudhania vibaya, naomba unisamehe." Akanyamaza kidogo. Akasema, "Mjukuu wangu, niliona. Nilikuwa nakuja tu kwa sababu duka lile jingine ni mbali kwa miguu hii."

Sukari aliipokea. Kesho yake akaja na sarafu zake kama kawaida, nikanyoosha mkono.

KWA HIYO TUFANYE NINI?

- Jilipe. Mimi najitolea 3,000 kwa siku, naiandika, sigusi tena droo.
- Deni liandikwe mbele ya mkopaji, na tarehe ya kulipa.
- Kila ukirudi na mzigo mpya, angalia bei upya kabla ya kupanga rafuni.
- Funga hesabu kila jioni hata kama umechoka. Dakika 15 zinatosha.
- Hela ikipungua, fungua daftari kabla ya kumfikiria mtu.

Sisi wenye maduka hatupendi kudhaniwa. Tunasema wateja wanatuonea. Basi na sisi tusimdhanie mtu kwa kabila, kwa uzee wala kwa rangi ya macho.

Wewe huwa unaambiwa nini dukani kwako kinachokukera? Na hela yako, una uhakika inakwenda wapi? Kanunue daftari leo. Siku 14 tu, halafu urudi utuambie ulichokiona.