Mtoto na Maji: Afundishwe Nini, na Kuanzia Umri Gani?

Mzazi, huenda umeona kwenye simu video ya mtoto mchanga akitiwa majini kisha akaibuka mwenyewe, akaelea chali. Usijaribu nyumbani wala ufuoni. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hawezi kufundishwa kujiokoa. Ni kweli kwamba akizamishwa huzuia pumzi, lakini hiyo ni silika anayozaliwa nayo, nayo hufifia baada ya miezi michache. Hawezi kuinua kichwa ili avute hewa, humeza maji na hupata baridi haraka.

Kwa watoto wadogo, kinachookoa ni kifuniko na jicho la mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka wa 2021, na karibu robo yao walikuwa hawajafika miaka 5. Hatari haiko baharini pekee. Kichwa cha mtoto anayeanza kutembea ni kizito. Akichungulia ndoo hutangulia kichwa na hana nguvu za kujitoa. Wala hapigi kelele. Huzama kimya, mama akiwa hatua chache tu jikoni.

Kwa hivyo mwaga maji ya kufulia mara unapomaliza. Funika pipa na kisima. Timbo lililojaa maji ya mvua, au shimo la choo ambalo halijamalizika, liwekewe uzio. Kwenye matanga na harusi, mtu mzima mmoja atajwe waziwazi kuwa leo ndiye mwangalizi, maana penye watu wengi kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Dada wa miaka 7 si mwangalizi.

Kuanzia mwaka mmoja, mtoto anaweza kuzoeshwa maji akiwa mikononi mwa mzazi: kupuliza mapovu, kulowa uso bila hofu, kulazwa chali huku kichwa kimeshikiliwa. Bado asiachwe hata kidogo. Maboya ya kupuliza ya mkononi ni vitu vya kuchezea, hayamlindi.

Mafunzo yenyewe hushika vizuri kuanzia miaka 4, na akifika 6 kila mtoto anapaswa kuwa ameanza. Mitindo ya kuogelea ingoje. Kwanza ajue kujigeuza chali na kuelea, kisha kugeuka kurudi alikotumbukia na kushika ukingo. Huko Bangladesh, watoto wa vijijini hufundishwa katika vidimbwi vya kawaida, ndani ya jukwaa la mianzi, hadi waweze kuogelea mita 25 na kuelea kwa sekunde 30. Hawakungoja bwawa la hoteli. Kwetu panafaa ufuo uliotulia usio na mkondo, maji yafike kiunoni mwa mtu mzima. Mto Sabaki haufai: una mamba, viboko na mkondo mkali.

Wasichana wasiachwe nyuma. Wavulana hujifunza wakicheza ufuoni, lakini anayetumwa kuteka maji bwawani mara nyingi ni msichana.

Mfundishe pia asimrukie mwenzake anayezama. Aite mtu mzima, kisha arushe kamba au mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa vizuri, ambao huelea.

Mtoto akitolewa majini, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Unapoteza dakika anazohitaji. Ikiwa hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5. Asipozinduka, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kifua kibonyee theluthi moja, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo huku mwenzako akipiga 999 au 112. Hata akizinduka na kuanza kucheza, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.