Kifusi Juu ya Nyumba

Wengi walioisoma *How Green Was My Valley*, riwaya ya Richard Llewellyn iliyotoka mwaka 1939, huikumbuka kwa kifo cha baba mgodini. Mimi tukio lililonikaa rohoni liko mwanzoni. Ni siku ya mshahara katika bonde la makaa ya mawe kusini mwa Wales. Mama yake Huw Morgan, msimulizi wa riwaya, ameketi kwenye kigoda mlangoni, na mumewe na wanawe wanapita mmoja mmoja wakimmwagia sarafu za dhahabu mapajani. Wakati huohuo kifusi cha mgodi kinarundikwa bondeni, na hakuna anayekijali.

Riwaya hii imenifundisha kuwa anguko huanza wakati wa neema. Wenye mgodi waliona ni nafuu kumwaga kifusi juu ya ardhi kuliko kukirudisha chini. Wanakijiji nao, kwa kuwa chakula kilikuwepo, wakanyamaza.

Baadaye viwanda vya chuma vya jirani vinafungwa, wenye njaa wanakuja kuomba kazi kwa ujira wowote, na malipo ya wote yanashuka. Baba anaamini mazungumzo, wanawe wanataka chama cha wafanyakazi. Meza ya familia inagawanyika, na baadhi ya vijana wanavuka bahari. Huw, ambaye baba yake alitamani asome afike mbali, anachagua kushuka shimoni. Uamuzi huo unaniuma, ila namwelewa: heshima aliyoiona tangu utotoni ilikuwa ya mchimbaji.

Zipo kurasa ambazo Llewellyn anawatupia lawama wageni na wachochezi. Hapo simfuati. Wageni hawakupanga bei ya makaa wala mahali pa kumwaga kifusi.

Nje ya riwaya, mwaka 1947 migodi ya Uingereza ilitaifishwa, lakini vifusi viliendelea kurundikwa. Tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan, huko huko Wales, kifusi kiliporomoka kutoka mlimani na kuifunika shule ya msingi ya Pantglas. Walikufa watu 144, watoto 116 miongoni mwao. Uchunguzi ulilibebesha lawama shirika la umma lililoendesha migodi. Hata hivyo, pauni 150,000 zilichukuliwa kwenye mfuko wa michango kwa ajili ya waathirika ili kusaidia kuondoa vifusi vilivyobaki juu ya kijiji. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, bila riba.