UZI: "Tumeshirikisha vijana kwenye tabianchi." Mwanasiasa akisema hivyo, muulize haya

1/ Kila mdahalo wa ugavana au wa MCA, swali la vijana na mabadiliko ya tabianchi lazima lije. Na jibu ni lile lile: "Sisi tumewashirikisha vijana." Halafu zinatajwa miche, tisheti na siku ya usafi. Makofi, mdahalo unasonga. Uzi huu unaeleza sheria inasema nini, pesa ziko wapi, na kijana anaweza kuketi wapi zikigawanywa. Hatutaji mtu wala chama. Twende.

2/ Hoja ya kwanza utakayosikia: "Tabianchi ni mambo ya serikali kuu." Nusu kweli. Sera ya taifa na mikataba ya kimataifa ni ya serikali kuu. Lakini fungua Jedwali la Nne la Katiba. Kaunti zimepewa kilimo, huduma za maji na usafi, uzoaji taka na majaa, mitaro ya maji ya mvua mijini, kuhifadhi udongo na maji, misitu kwa kufuata sera ya taifa, pamoja na zimamoto na kukabili majanga.

3/ Sasa weka orodha hiyo kando ya maisha yetu ya juzi. Mwisho wa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo kaskazini na mashariki, mifugo ikafa kwa mamilioni. Mwaka mmoja baadaye, Machi hadi Mei 2024, mafuriko yakaua zaidi ya watu 200, kutoka Mathare hadi Mai Mahiu. Silanga iliyojaa tope na mtaro ulioziba kwa taka ni kazi za kaunti. Hiyo ndiyo tabianchi tunayoongelea hapa, si ile ya mikutano ya ng'ambo.

4/ Sheria iko. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, kifungu cha 19, inaitaka kila serikali ya kaunti iingize masuala haya kwenye mipango yake ya maendeleo, iteue waziri wa kaunti wa kuyasimamia, na kila mwisho wa mwaka wa fedha iwasilishe ripoti kwa bunge la kaunti. Swali rahisi la mdahalo: ripoti ya mwaka jana iko wapi, na bunge lilijadili nini ndani yake?

5/ Kuhusu vijana, Katiba haikunyamaza. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali ichukue hatua ili vijana washiriki katika siasa, jamii na uchumi. Kijana, kwa Katiba yetu, ni mtu wa miaka 18 ambaye hajafika 35. Kwenye sensa ya 2019, robo tatu ya Wakenya walikuwa chini ya miaka 35. Kwa hivyo tukisema "vijana" hatusemi kikundi kidogo cha kupewa dakika tano mwisho wa kikao.

6/ Hapa ndipo mjadala huchanganywa. Neno "kushirikisha" lina maana tatu tofauti:
– kufanyishwa kazi: kupanda, kuzibua, kuzoa
– kuitwa kusikiliza: kikao, soda, sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio
– kuamua: pesa hizi ziende kwa silanga au kwa mtaro, na nani akague
Mwanasiasa hutaja ya kwanza na ya pili. Sheria na pesa ziko kwa ya tatu.

7/ Kuamua kunafanyika wapi? Kabla ya mpango wa nchi nzima, kaunti tano zilijaribu: Isiolo, Garissa, Wajir, Makueni na Kitui. Zilianzisha mifuko ya kaunti ya mabadiliko ya tabianchi na kamati za wadi za kuchagua miradi. Makueni iliweka kanuni zake 2015 na kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo. Wajir ikafuata na sheria 2016, asilimia 2. Wazo lilikuwa jepesi: anayetembea kilomita kutafuta maji ndiye anayejua kisima kiwe wapi.

8/ Mfano huo ndio uliopanuliwa. Tangu 2021 kuna mpango uitwao FLLoCA, unaosimamiwa na Hazina ya Kitaifa, kwa pesa za Benki ya Dunia na nchi kama Denmark, Sweden na Ujerumani. Kaunti haipewi bure tu. Lazima iwe na sheria, mfuko, kamati, na iweke pesa zake yenyewe. Ndiyo maana kaunti nyingi zilipitisha sheria za tabianchi kwa haraka miaka hiyo. Sheria zipo. Swali ni kama kamati zinafanya kazi au ni majina kwenye faili.

9/ Kwa hivyo kariri jina hili: kamati ya wadi ya kupanga masuala ya mabadiliko ya tabianchi. Kazi yake ni kukaa na wananchi, kutambua hatari za pale (ukame, mafuriko, maporomoko, joto), kupanga miradi kwa umuhimu na kufuatilia inavyojengwa. Sheria za kaunti hutofautiana, lakini kwa kawaida hutenga nafasi za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tuna wadi 1,450 nchini. Je, unamjua kijana wa kamati ya wadi yako? Alichaguliwa na kikao gani?

10/ "Lakini hizo pesa ni kidogo." Tupige hesabu. Huu ni mfano tu, si kaunti fulani. Bajeti ni bilioni 10. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inataka angalau asilimia 30 iende kwa maendeleo: bilioni 3. Mfuko wa tabianchi ukipata asilimia 2: milioni 60. Kwenye mfano wa zile kaunti tano, asilimia 70 ilikuwa ya miradi ya wadi, 20 ya miradi ya kaunti nzima, na 10 ya kuendesha mfuko. Asilimia 70 ya milioni 60 ni milioni 42. Gawa kwa wadi 30: milioni 1.4 kwa kila wadi, kila mwaka.

11/ Milioni 1.4 haibadilishi dunia. Lakini ni matangi ya kuvuna maji ya mvua shuleni, au mwanzo wa kuondoa tope kwenye silanga, au mtaro mmoja wa sokoni uliofunikwa vizuri. Pesa ndogo ndiyo inayohitaji macho zaidi. Nusu yake ikiishia kwa semina ya hoteli, inabaki laki saba, na hakuna atakayegundua mpaka mvua ije. Kumbuka pia hiyo ni kabla ya kuongeza pesa za wafadhili.

12/ Hoja: "Tumewaita vijana, hawaji." Tuwe wakweli, mara nyingi ni kweli viti huwa vitupu. Lakini angalia kikao kimewekwa lini. Jumanne saa nne asubuhi, makao makuu ya kaunti, tangazo likiwa gazetini. Mwendesha bodaboda akienda huko anapoteza pesa za siku na bado alipe nauli. Na waraka wa kurasa mia mbili unatolewa asubuhi ile ile. Kaunti inayotaka vijana huweka kikao wadini, jioni au wikendi, na kutuma muhtasari mapema kwenye WhatsApp. Hiyo haihitaji bajeti kubwa, inahitaji nia.

13/ Hoja: "Tumewapa kazi." Kazi si mbaya, na hakuna wa kumdharau kijana anayezibua mtaro ili alishe nyumba yake. Shida inaanza kibarua kikiitwa ushirikishaji. Kijana anayezoa plastiki mtoni kila wiki anajua zinatoka wapi, jaa gani halizolewi, na lori la taka halifiki mtaa gani. Akilipwa na kuambiwa aende nyumbani, kaunti imepata mikono yake ikaacha anachokijua. Mwezi ujao taka ni zile zile.

14/ Na kuna kazi ya pili, ya biashara. Sheria inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana chenye kitalu kinaweza kuiuzia kaunti miche badala ya kuitwa kuipanda bure mbele ya kamera. Shida ni malipo. Madeni ya kaunti kwa wanaoziuzia bidhaa ni ya mabilioni, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti huyaonyesha wazi. Kitalu hakiwezi kungoja miaka miwili. Muulize mgombea: vikundi vya vijana vitalipwa ndani ya siku ngapi?

15/ Hoja: "Pesa hazijafika kutoka Nairobi." Hii usiikatae haraka. Pesa za wafadhili huenda kwa kaunti kupitia sheria ya mgao wa ziada, na sheria hiyo hukwama mara kwa mara kati ya Seneti na Bunge la Kitaifa. Kaunti inaweza kuwa inasema ukweli. Lakini sehemu ya kaunti yenyewe, ile asilimia iliyoahidi kwenye sheria yake, haingoji wafadhili. Kwa hivyo uliza maswali mawili tofauti: za nje zilifika lini? Zetu zilitengwa ngapi na zikatumika ngapi?

16/ Hoja: "Vijana hawana uzoefu, wazee ndio wanajua." Wazee wanajua mengi kweli. Isiolo, baraza la wazee wa Borana liitwalo dedha limesimamia malisho na maji kwa vizazi, na mfuko wa tabianchi ulipoanza pale ulilitegemea. Lakini wanaoswaga mifugo mbali wakati wa kiangazi ni vijana. Mzee anajua kanuni ya malisho, kijana anajua kisima kipi kilikauka wiki jana. Kumtoa mmoja ni kupanga na nusu ya habari.

17/ Tahadhari moja: kiti cha kijana kinaweza kukaliwa na mtu wa mtu. Mpwa wa fulani, mpiga kampeni wa fulani, anaitwa "mwakilishi wa vijana" na hajawahi kuitisha kikao. Usiulize tu kama kijana yupo. Uliza alichaguliwa vipi, na mara ya mwisho aliwarudishia vijana ripoti lini.

18/ Kalenda. Hapa ndipo wengi tunapitwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini maamuzi hufanywa mapema:
– Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka, ADP, uwe umefika bunge la kaunti
– Februari 28: mkakati wa fedha wa kaunti, unaoweka viwango vya kila idara
– Aprili 30: makadirio ya bajeti
– Juni 30: bajeti iwe imepitishwa
Ukingoja Juni ndio useme wadi yako haina mtaro, umechelewa karibu mwaka mzima. Na juu ya yote kuna CIDP, mpango wa miaka mitano. Mradi usio ndani yake ni vigumu kupata pesa.

19/ Hupati waraka? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na huhitajiki kueleza unautakia nini. Kuomba ni bure, utalipia nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama ofisi ya Ombudsman. Sheria ya Serikali za Kaunti nayo inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa serikali ya kaunti na kwa bunge lake. Weka nakala ya barua yenye muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, watasema hawakuiona.

20/ Maswali matano ya kubeba kwenye mdahalo:
a) Mfuko wetu wa tabianchi ulitengewa ngapi mwaka huu, na zimetumika ngapi?
b) Kamati ya wadi yetu ilikaa mara ngapi, na miradi gani iliipa nafasi ya kwanza?
c) Miradi hiyo ni ile ile iliyo kwenye bajeti, au ilibadilishwa njiani? Na nani?
d) Kijana wa kamati ni nani na alichaguliwaje?
e) Miche iliyopandwa mwaka juzi, mingapi iko hai, na nani alilipwa kuinywesha maji?
Swali la mwisho linaonekana la mzaha. Jaribu uone.

21/ Juni 2024 vijana wa nchi hii walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauweka kwenye video za dakika moja. Hakuna aliyewalipa, na hakuna aliyesema tena kwamba vijana hawaelewi bajeti. ADP ya kaunti yako ni nyepesi kuliko mswada ule. Tofauti ni kwamba hii haisomwi na mtu, na wanaoiandika wanajua hivyo.

22/ Mwisho wa uzi. Kama wewe ni kijana uliye kwenye kamati ya wadi, andika hapo chini: mlikaa lini mara ya mwisho, na mlichokiamua kiko kwenye bajeti? Kama huijui kamati yako, taja wadi. Huenda jirani yako anayesoma huu uzi anaijua.