Huruma ya Mtoto Mdogo

Wahenga walituachia neno hili: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi wazazi hulitumia mara nyingi tunaposema habari za adabu, za kazi na za masomo. Lakini ni mara chache tunapokumbuka kwamba huruma nayo hulelewa. Wengi hudhani kwamba mtoto wa miaka miwili au mitatu hajui ila njaa yake na usingizi wake. Kumbe yeye huwatazama watu wa nyumbani kuliko wao wanavyomtazama, na moyo wake huanza kuona uchungu wa wenzake kabla ulimi wake haujajua kuueleza.

Mambo tuliyoyaona Luano

Huku Luano, upande wa Lubumbashi uliko kiwanja cha ndege, watoto hukua wakisikia ngurumo za ndege na kuona watu wakiagana kwa machozi. Msichana mmoja wa miaka mitatu alikwenda na jamaa zake kumsindikiza shangazi aliyekuwa akisafiri. Aliitazama ndege ikipanda, ikawa kama kunguru, kisha kama nzi, kisha ikapotea. Jioni, bukari ilipopakuliwa, alimega kitonge kidogo mno, kisichozidi punje ya mahindi, akakiweka ukingoni mwa sahani. Alipoulizwa ni cha nani, akajibu kwa masikitiko: “Ni cha shangazi. Sasa amekuwa mdogo sana, kikubwa hatakiweza.” Wote wakacheka, isipokuwa nkambo yake, ambaye alichukua bakuli akakifunika kile kitonge, kisiliwe na mtu.

Katika nyumba nyingine ilifika habari ya msiba. Mama akaketi mkekani akilia. Mwanawe, mtoto wa mwaka mmoja na miezi michache, alimzunguka mara mbili akitafuta jeraha, asilione. Basi akainama, akampuliza mama gotini. Maana yeye mwenyewe huumia hapo kila anapoanguka, na hapo ndipo mama humpuliza. Kisha akamtazama usoni ili aone kama amepona.

Naye mvulana wa miaka minne alimkuta kuku aliyefungwa miguu, tayari kwa kitoweo cha mgeni. Akamshika kichwa, akamwambia, “Pole sana, mama kuku,” akalia kweli kweli. Kitoweo kilipoiva, akaomba paja. Tusimwite mnafiki: machozi yake yalikuwa ya kweli, na njaa yake pia. Lakini baba yake alimkaripia mbele ya mgeni: “Mwanamume halilii kuku!” Siku chache baadaye dada yake mdogo alianguka njiani, akachubuka. Mvulana alimtazama baba kwanza, kisha akaondoka pasipo kusema neno. Hilo halikumchekesha mtu.

Waliochunguza wanasema nini

Charles Darwin, yule mtaalamu wa Uingereza, alichapisha mwaka 1877 habari za mwanawe, ambaye alimwangalia tangu kuzaliwa. Mtoto huyo alipokuwa na umri wa miezi 6 na siku chache, mlezi wake alijifanya analia. Mara uso wa mtoto ukaingia huzuni, na pembe za midomo yake zikashuka.

Mwaka 1997 Betty Repacholi na Alison Gopnik walieleza jaribio walilolifanya Marekani. Mtu mzima alionja biskuti akakunja uso, akaonja mboga akafurahi. Halafu akanyosha mkono kuomba chakula. Watoto wa miezi 14 walimpa biskuti, kwa kuwa wao wenyewe waliipenda. Watoto wa miezi 18 walimpa ile mboga, kwa kuwa yeye ndiye aliyeipenda. Basi yule mpuliza goti hakuwa mjinga. Mtoto hutoa kwanza dawa iliyomponya yeye, na baadaye tu hujifunza kuuliza mwenzake anaumwa wapi.

Tena mwaka 2006 Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miezi 18, wakimwona mtu aliyejaza mikono akishindwa kufungua kabati, huenda wakamfungulia, pasipo kuombwa wala kuahidiwa zawadi.

Huruma hulelewa nyumbani

Hata hivyo, mbegu isiyomwagiwa maji hukauka. Katika nchi yetu ya Kongo, karibu na Kinshasa, kuna hifadhi ya bonobo, jamaa wa sokwe. Mwaka 2013 Zanna Clay na Frans de Waal walieleza kwamba huko, bonobo wadogo waliolelewa na mama zao waliwafariji wenzao walioumia kuliko walivyofanya wale mayatima. Ikiwa ni hivyo kwa mnyama, je, mtoto wa mtu? Anayefarijiwa ndiye ajuaye kufariji.

Na wanaodhani kwamba kazi ya kubeba mtoto itamharibu mvulana, wasikie habari za Oyugis, magharibi ya Kenya. Mwaka 1973 Carol Ember aliandika juu ya wavulana wa Kijaluo ambao, kwa kukosa dada wakubwa nyumbani, walipewa kazi za wasichana. Wale waliofanya sana kazi za ndani ya nyumba walionekana kuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, wala hawakupenda mno kuwatawala wengine.

Enyi wazazi, tucheke, maana watoto wanachekesha. Lakini tucheke pamoja nao, tusiwacheke. Mtoto akilia, tumtajie jina la jambo linalomwumiza: hiyo ni huzuni, hiyo ni hofu, hiyo ni hamu ya aliyesafiri. Wavulana nao tuwape wadogo zao wawabebe na kuwabembeleza. Na mtoto akituletea kitonge chenye vumbi kwa kuwa ametuona tumechoka, tukipokee kwa mikono miwili na kumshukuru. Siku moja mikono yetu itatetemeka, nasi tutahitaji mtu wa kutumegea. Atakayetumegea ni yule ambaye leo hatukumkaripia.