"Baada ya" si "kutokana na"

Mama anayemleta mtoto hospitali ya Koboko husimulia alivyoona: mtoto alishikwa na homa, kisha damu ikaisha. Hajakosea, maana anaeleza mfuatano. Kasoro huanza tabibu anapoandika kwenye faili, "malaria, upungufu wa damu". Mkato ule hausemi kitu. Je, malaria ndiyo iliyoharibu chembe nyekundu za damu? Au mtoto ana selimundu au safura, na malaria imemkuta damu yake tayari imepungua?

Mtunza kumbukumbu hugeuza maandishi hayo kuwa namba za ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, na haruhusiwi kukisia. Malaria ya falsiparamu ni B50, selimundu ni D57, upungufu wa damu usiotajwa chanzo ni D64.9. Tabibu asipotaja uhusiano, inabaki D64.9, namba isiyomwambia mpangaji wa dawa wala wa vyandarua lolote.

Basi mtunza kumbukumbu amuulize tabibu, ila kwa swali lililo wazi: "Kwa uamuzi wako, upungufu huu wa damu umetokana na nini?" Akiuliza "Ni malaria, sivyo?" amekwisha kumtilia jibu mdomoni.

Kwenye cheti cha kifo neno "kutokana na" lina uzito zaidi. Mstari wa kwanza hutaja kilichoua moja kwa moja, kila mstari unaofuata ukitaja kilicholeta ule wa juu yake. Wa chini kabisa katika sehemu ya kwanza ndio chanzo cha msingi, na ndicho kinachoingia katika takwimu za vifo. "Moyo kusimama" si chanzo. Moyo wa kila marehemu umesimama.

Uangalifu huu si mgeni West Nile, eneo la Uganda zilimo Koboko na Arua. Huko Kuluva, karibu na Arua, daktari Ted Williams alitunza kwa subira kumbukumbu za wagonjwa wa saratani ya Burkitt, ambayo mara nyingi huvimbisha taya za watoto. Miaka ya 1970 ilichukuliwa damu ya watoto wapatao 42,000 wa eneo hili wakiwa bado wazima, ili ijulikane kama virusi vya Epstein-Barr huitangulia saratani hiyo. Ilionekana vinaitangulia. Hata hivyo karibu kila mtoto hapa huvipata, na wanaougua ni wachache. Kutangulia peke yake hakukutosha.

Matabibu wa Arua na Koboko, andikeni "kutokana na" mkiwa mmeridhika, "pamoja na" magonjwa yakiwa yamekutana tu, na "chanzo hakijajulikana" pale ambapo hakijajulikana.