Shule Iliyojengwa kwa Senti za Wengi

Najua wako wazazi wanaosikiliza huku wakiwaza karo. Kwa ajili yao nataka tumtazame dada mmoja wa Marekani, Mary Lyon, aliyezaliwa huko Massachusetts mwaka 1797. Baba yake, mkulima, alikufa yeye akiwa na miaka mitano. Alisoma kwa taabu: leo yuko darasani, kesho anafundisha au anafuma nguo apate pesa za kurudi shuleni.

Siku zile shule nyingi za wasichana zilikuwa za mwalimu mmoja. Akifa au akiolewa, shule imekwisha. Tena karo yake ilikuwa ya matajiri. Mary Lyon alitaka shule ya bweni ambayo binti wa mkulima ataiweza, nayo iwe mikononi mwa halmashauri. Basi akazunguka na mfuko wake wa mahameli ya kijani, akichangisha kama tunavyofanya katika harambee. Wengine walitoa dola nyingi, wengine senti chache. Wako pia waliomlaumu: mwanamke gani huyu, anasafiri akiomba pesa?

Shule hiyo, Mount Holyoke, ilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1837, jengo lenyewe halijamalizika. Ada ilikuwa dola 60 kwa mwaka, pamoja na chakula na malazi. Iliwezekanaje? Wasichana walipika na kufagia wenyewe, naye Mary Lyon alipokea mshahara wa dola 200 tu kwa mwaka. Hapo ndipo wengi walipokosea, wakidhani ni shule ya mapishi. La! Kazi za nyumbani, alisema, si shule yake ya kuzifundisha. Darasani alifundisha kemia. Mkate waliuoka ili ada isipande.

Alifariki mwaka 1849, shule ikabaki. Huko Afrika Kusini Mchungaji Andrew Murray alisoma habari zake, akaandika Marekani kuomba mwalimu. Wakaja wawili, Abbie Ferguson na Anna Bliss, na mwaka 1874 wakaanza shule ya namna hiyo mjini Wellington. Lakini tuseme kweli, wapendwa: ile ilianzishwa kwa ajili ya mabinti wa Kizungu. Mabinti wa Kizulu walikuwa na Inanda, karibu na Durban, iliyofunguliwa na wamisionari wa Marekani mwaka 1869. Inanda ingali inasomesha wasichana hata leo.